Mke Wangu Hana Kazi

Mwaka ule wa themanini na tatu hakukuwa na mtu Dar es Salaam asiyejua taifa linataka nini. Lilitaka mikono. Redio ilisema asubuhi, ikarudia mchana, na kama betri zako zilikuwa bado zina nguvu ilikukumbusha tena jioni: nchi haiendelei kwa watu kukaa vibarazani, kila mwenye nguvu aonekane anafanya kazi, na asiye na kazi mjini atapelekwa shamba akashike jembe. Tawi la chama la mtaa mmoja pale nyuma ya soko la Kariakoo nalo lilikuwa na lake, na lake lilikuwa orodha. Kila balozi wa nyumba kumi aandike watu wake, jina, umri na kazi. Katibu alisema tawi lenye orodha kamili ndilo tawi lililo hai, mengine yote ni maneno.

Balozi Sadalla alihitaji vitu viwili tu ili ajione mtu kamili. Cha kwanza kilikuwa kuandika kweli. Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa bohari, akiandika magunia ya korosho yanayoingia na yanayotoka, na hakuna siku gunia lilizidi au lilipungua kwenye kalamu yake. Cha pili kilikuwa mke asiyefanya kazi.

Hili la pili lazima lielezwe, maana wageni hulicheka. Kwa wanaume wa pwani wa rika la Sadalla, mtu aliyeoa akamwacha mkewe ahangaike na riziki hakuwa na tofauti kubwa na mtu ambaye hakuoa. Ukimuuliza mmoja wao mkewe anafanya nini, anajiweka sawa kwenye kiti kwanza, ndipo anakujibu: mke wangu hana kazi. Halalamiki. Anasema kama mwingine anavyosema nyumba yangu ina bati jipya.

Huyo mke asiye na kazi aliitwa Mwanamkuu, mtaani wakimwita Mama Seifu, na aliamka saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu. Alikuwa na mchele wa kutwanga, nazi nne za kukuna, moto wa kuwasha, na sukari ambayo jana yake aliipangia foleni mpaka miguu ikavimba. Jua likichomoza, vitumbua vilikuwa vimejaa sinia. Hapo anakuja Tatu, jirani wa nyumba ya tatu, anajitwisha sinia na kuzunguka nalo maofisini, kuanzia Mchafukoge mpaka Posta. Mji mzima ulivijua kama vitumbua vya Tatu. Mwanamkuu ndiye aliyepanga hivyo tangu mwanzo, jina la mumewe lisije likaguswa.

Sadalla alikuwa anaisikia harufu, na kila asubuhi alikula viwili na chai ya rangi. Lakini kwake hayo yalikuwa mambo ya uani, wanawake wanajishughulisha, wanapata hela ya chumvi na sabuni. Kwa ufahamu wake nyumba ilikuwa inaishi kwa kiinua mgongo chake. Alimkabidhi mkewe bahasha nzima siku bohari lilipofungwa, miaka miwili nyuma, na hakuuliza tena habari zake, kwa sababu mwanamume akishampa mkewe hela ya nyumba haulizi.

Basi akaandika orodha yake. Aliandika wiki nzima, akienda mlango kwa mlango na daftari kwapani. Tatu akamwandika muuza vitumbua. Wa mwisho alikuwa Theopista, mpangaji wa chumba chake cha nyuma, mjane kutoka Ndanda aliyekuwa akisuka nywele pale kibarazani kwa Sadalla, yeye juu ya kigoda na wateja wake chini kwenye mkeka. Mikono yake ilikuwa haipumziki na mdomo pia.

"Niandike msusi, balozi," Theopista akamwambia.

Sadalla akatabasamu kama mwalimu anayempenda mwanafunzi mjinga. Akamweleza kwamba kusuka ni maongezi, si kazi. Kazi, alisema, ni ile ambayo siku usipoonekana kuna mtu atauliza uko wapi. Yeye miaka ishirini na sita, akichelewa robo saa tu, meneja alikuwa anatuma mtu. Sasa Theopista asiposuka leo, nani atamuulizia?

"Mwenye nywele," Theopista akasema.

Waliokuwa kibarazani wakacheka, na Sadalla akacheka nao. Kisha akaandika, kwa herufi zake zilizosimama wima kama magunia: hana. Alimpenda Theopista, wala hakuwa na nia mbaya naye. Aliamini tu kwamba orodha ikiingiwa na huruma haiwi orodha tena.

Jina la Mwanamkuu aliliandika, mbele yake akaacha wazi. Hakuona haja ya kusema jambo ambalo kila mtu analijua. Jina lake mwenyewe aliliweka juu kabisa, na mbele yake akaandika karani, bila hata kunyanyua kalamu.

Siku tatu baadaye akaja Ndugu Pius, karani wa kata, kuhakiki. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Songea, mpole, kavaa suti ya Kaunda iliyopauka mabegani. Walikaa kibarazani, Pius akasoma mstari kwa mstari, akafika kwenye ile nafasi tupu, akauliza mama wa nyumba hii anafanya kazi gani.

Sadalla akajiweka sawa kwenye kiti.

"Mke wangu hana kazi," akasema, na sauti aliipandisha kidogo ili kibaraza cha pili nao wasikie.

Pius akasita. Akauliza kama kweli iandikwe hivyo hivyo. Sadalla akaichukua karatasi mkononi mwake akaandika mwenyewe. Nyuma ya pazia la mlango Mwanamkuu alikuwa amesimama na birika la chai. Alikuwa amelisikia neno hilo miaka thelathini na halikumgusa tena, akatoka akawamiminia.

Msako ulikuja Jumatano. Asubuhi ile Sadalla alikuwa tawini, kwenye kikao ambacho katibu alisifu mabalozi watatu kwa orodha safi, na jina lake likatajwa la kwanza. Alirudi saa nne akitembea taratibu ili furaha isimwishie njiani. Alipokata kona akaisikia harufu, na haikuwa ile ya kila siku. Kitu kilikuwa kinaungua.

Alipita kibarazani bila kuangalia, akaingia moja kwa moja mpaka uani. Jiko lilikuwa linawaka. Kwenye kikaango vitumbua saba vya sinia la pili vilikuwa vimegeuka makaa, moshi mweusi umejaa uani wote, na kando yake bakuli la unga uliokorogwa lilikuwa limepinduka. Kandambili moja ya mkewe ilikuwa karibu na mlango. Ya pili hakuiona.

Aliita. Aliita tena. Mwanamkuu hakuwahi kuacha kitu motoni hata siku waliyoletewa habari ya msiba wa baba yake. Sadalla akakiondoa kikaango kwa mikono mitupu, akaungua vidole, na hakujua kama ameungua mpaka kesho yake.

Alirudi kibarazani ndipo akamwona Zamda. Zamda alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja huko Posta, na siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa aje asukwe kwa ajili ya harusi ya dada yake. Alikuwa bado amekaa chini kwenye mkeka, pale pale Theopista alipomwacha. Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa umesukwa, mistari myembamba iliyonyooka. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama ovyo, na chanuo bado limechomekwa ndani yake. Kigoda nyuma yake kilikuwa tupu.

"Wamewachukua," Zamda akasema. "Theopista na Mama Seifu. Mimi wameniacha, nilikuwa na kitambulisho kwenye mkoba."

Sadalla akauliza wamewachukua kwa nini.

"Walikuwa na karatasi, balozi. Wakawa wanasoma majina."

"Karatasi gani?"

Zamda akamtazama, macho yake yamejaa machozi, hajui kama amwambie au amhurumie.

"Ya kwako," akasema.

Wote waliokamatwa walikuwa wamekusanywa Ilala, kwenye uwanja wa ghala moja la zamani uliozungushiwa seng'enge. Sadalla alitembea mpaka huko, nusu anatembea na nusu anakimbia, kofia mkononi, akijipa moyo. Ni makosa tu, alijiambia. Yeye ni balozi. Orodha yake ni safi, katibu mwenyewe kasema. Atafika, ataeleza, watacheka kidogo, atarudi na mkewe.

Pius alikuwa amekaa mezani chini ya kipande cha bati, mbele yake msururu wa watu waliokuja kudai wao. Nyuma yake alisimama mkubwa mmoja kutoka juu, mikono nyuma, hasemi kitu. Ndani ya seng'enge watu walikuwa wamekaa chini juani, wanaume upande huu na wanawake ule, na malori mawili yalikuwa yamefunguliwa milango ya nyuma. Pius alipomwona Sadalla alisimama kwa heshima.

"Shikamoo, balozi."

Sadalla akaitikia, akaeleza kwamba kuna makosa, mkewe ameletwa hapa. Pius akafungua faili, akapeleka kidole chini kwenye karatasi, akasimama. Kisha akaigeuza karatasi ili Sadalla aisome mwenyewe. Sadalla akaona herufi zake. Hakuwahi kuziogopa herufi zake maishani, siku hiyo aliziogopa.

Pius akamweleza kwa sauti ya chini kwamba wanawake wengi hapa wanasema wameolewa, na njia ya kuwajua ni moja, cheti cha ndoa. Cheti kitoke wapi? Walioana mwaka wa hamsini na tatu, Mbwamaji, nyumbani kwa baba yake Mwanamkuu, mbele ya shehe na wazee saba ambao wote walikuwa wameshatangulia. Enzi zile anayedai karatasi ya ndoa angeonekana ana kichaa.

Pius alikuwa mtu mwema, akamfungulia mlango mwingine. Akauliza kama kweli mama hana shughuli yoyote, hata ndogo, kitu chochote anachoweza kukiandika.

Hapa ndipo mtu hutamani kumshika Sadalla mabega amtikise. Mlango uko wazi, mkewe yuko hatua thelathini kutoka alipo, neno moja tu linatosha. Lakini nyuma yake kulikuwa na msururu, na ndani ya msururu kulikuwa na wanaume wawili wa kibarazani kwake, wale wale waliocheka naye. Kusema mbele yao kwamba mkewe anauza vitumbua, mdomo ulikataa. Miaka thelathini ulikuwa umezoea kusema kitu kimoja.

"Mke wangu hajafanya kazi tangu nimwoe," akasema.

Pius akaiweka kalamu chini.

Wakati huo lori la kwanza lilianza kupakiwa. Waliitwa kwa majina, wakapanda mmoja mmoja, na wa tano alikuwa Theopista. Vidole vyake bado vilikuwa vinang'aa mafuta ya nywele. Aliposimama juu ya lori akamwona Sadalla pale mezani, na uso wake ukafunguka kabisa, maana aliamini amekuja kumtoa.

"Balozi," akaita, "waambie mimi nasuka. Wewe si unanijua?"

Watu wakageuka wakamtazama Sadalla. Pius akamtazama. Sadalla akafungua mdomo. Lakini karatasi ilikuwa wazi mezani, na pale palikuwa pameandikwa kwa mkono wake kwamba Theopista hana kazi. Akisema sasa kwamba anayo, basi orodha ni ya uongo, na orodha ikiwa ya uongo, nani atamsikiliza habari za mkewe?

"Ngoja kwanza nimalize la mama," akajibu.

Lori halikungoja. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa mnyororo, injini ikaunguruma, likatoka nje ya geti na kushika njia ya Pugu. Theopista hakuita tena. Alikuwa amesimama katikati ya watu akiendelea kumwangalia Sadalla, akishangaa tu, mpaka vumbi likamfunika.

Sadalla akamwomba Pius ruhusa ya kwenda kwenye seng'enge azungumze na mkewe, na Pius akamruhusu.

Mwanamkuu alikuwa amekaa chini, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu. Unga ulikuwa umemkaukia mikononi mpaka kwenye viwiko. Alipomwona mumewe akainuka akaja, akamuuliza amewaambia nini.

"Nimewaambia wewe ni mke wangu."

"Na kazi?"

Sadalla akaitazama kofia iliyokuwa mkononi mwake. Mwanamkuu akatikisa kichwa polepole.

"Umewaambia tena sina," akasema. "Sikiliza, Baba Seifu. Kiinua mgongo chako kilikwisha mwaka ule ule tuliomzika mama yako."

Sadalla hakuelewa. Alimtaka arudie, na akarudia. Mazishi ya mama yake, matanga yaliyojaza mtaa, mbuzi wanne, hitima ya arobaini ambayo watu waliisifu mpaka Temeke, ndiyo yaliyomaliza ile bahasha. Wakati huo bohari lilikuwa na miezi mitano tu tangu lifungwe. Tangu hapo bahasha haikuwa na kitu ndani.

"Basi tunakula nini?" akauliza, na swali lenyewe lilitoka kwa sauti ya mtoto.

"Vitumbua."

Sadalla alishika seng'enge. Kichwani mwake vitu vilianza kupita kimoja kimoja, na kila kimoja kilimpiga. Kanzu yake ya Idi. Nauli ya kwenda Tabora kumwona Seifu, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa anafundisha shule huko. Bati la upande wa nyuma. Hata betri za redio iliyokuwa inamwambia watu wasikae vibarazani. Miaka miwili alikuwa amekaa kwenye kiti akimtazama Tatu anapita na sinia, na hakujua kwamba anaangalia chakula chake kinavyotoka na kurudi. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Kisha, kama wanaume wengi wakiona aibu, akakasirika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekula?" Mwanamkuu akamuuliza.

Sadalla alizidi kuukaza mkono kwenye seng'enge. Damu ilikuwa inamtoka kiganjani kwenye mwiba wa seng'enge, naye hakuiona. Mwanamkuu ndiye aliyeiona, akatoa ncha ya kanga yake katikati ya nyaya akamfuta, kisha akamwambia aende akaseme kabla lori la pili halijaanza kuita.

Alirudi mezani akakuta Tatu amefika anahema, sinia tupu bado mkononi. Habari ilikuwa imemkuta Posta. Wale wanaume wawili wa kibarazani walikuwa bado kwenye msururu. Sadalla akasimama mbele ya Pius, akaweka mikono juu ya meza.

"Ndugu Pius, mke wangu anafanya kazi. Anachoma vitumbua. Vinavyoitwa vya Tatu ni vyake yeye. Mimi na nyumba yangu tunakula jasho lake mwaka wa pili huu, na nilichoandika si kweli."

Pius akamgeukia Tatu na sinia lake. Vitumbua hivyo ndivyo alivyonywea chai kila siku ofisini, na hata wakati ule kimoja kilikuwa kwenye droo ya meza yake kimefungwa kwenye gazeti. Akamuuliza Tatu kama ni kweli.

"Mimi nabeba tu," Tatu akasema. "Mikono ni ya Mama Seifu."

Mwanamkuu akaitwa, akaja mezani na mguu wake mtupu. Pius akamwandikia kitambulisho: mpishi wa vitumbua. Sadalla akashusha pumzi. Alidhani yamekwisha.

Lakini yule mkubwa aliyesimama nyuma alikuwa ameinama juu ya orodha. Alisema kama balozi mwenyewe amekiri mstari mmoja ni wa uongo, basi na mingine iangaliwe, kuanzia juu. Pius akakipandisha kidole mpaka mstari wa kwanza, na ungeona wazi kwamba hataki kuuliza.

"Sadalla. Karani. Wa wapi, balozi?"

"Wa bohari."

"Bohari lipi?"

Sadalla akalitaja. Kila mtu pale alilijua lile bohari lenye kufuli lililoota kutu na popo ndani. Mtu mmoja kwenye msururu akakohoa.

Pius akajaribu kumsaidia, akasema labda ubalozi. Mkubwa akasema ubalozi ni kujitolea, hauna mshahara, si kazi. Akauliza umri. Hamsini na saba. Sitini bado, na nguvu anazo.

Sadalla alisikia kama anasomewa habari za mtu mwingine. Aliitazama ile karatasi. Magunia yote ya miaka ishirini na sita hayakuzidi wala kupungua, na huku kwenye orodha ya watu, uongo wa kwanza kabisa ulikuwa wake yeye, nao aliuandika bila kunyanyua kalamu. Meneja hakutuma mtu kumuulizia. Miaka miwili hakuna aliyeuliza karani Sadalla yuko wapi.

"Andika hana," akamwambia Pius. Aliona hakuna lingine la kweli la kusema.

Pius hakuandika. Badala yake akamgeukia Mwanamkuu, akamuuliza huyu mumewe anafanya kazi gani.

Mwanamkuu alikuwa ameshika kitambulisho chake kipya kwa vidole viwili asikichafue kwa unga. Alimtazama mumewe. Alikuwa na nafasi ambayo mwanamke hapewi mara mbili, watu wote wamesimama, wakubwa wanasikiliza, na neno lenyewe analijua vizuri kwa sababu ameambiwa miaka thelathini. Lori la pili lilikuwa limeshawashwa.

"Kazi anayo," akasema. "Ananikunia nazi."

Mtu mmoja akaangua kicheko, wakafuata wengine, na msururu wote ukatikisika. Mwanamume wa pwani, balozi wa nyumba kumi, amepanda mbuzi ya kukunia nazi uani na wanawake. Wale wawili wa kibarazani walikuwa wanacheka mpaka wanafuta macho. Ni Mwanamkuu na Pius peke yao ambao hawakucheka.

"Ni kweli, balozi?" Pius akauliza.

Sadalla hakuwahi kudanganya kwa kujua mbele ya karatasi. Alimwangalia mkewe, akaona kwamba hamkomoi. Alikuwa anamngoja tu, kama Theopista alivyomngoja juu ya lori.

"Kweli," Sadalla akasema.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mke mbele na mume nyuma. Jioni nzima Mwanamkuu alikwangua kikaango kwa mchanga. Sadalla alikaa chumbani na kitambulisho chake. Kilikuwa na jina lake lote, muhuri wa kata, na mbele ya neno kazi, kwa mwandiko wa Pius, kulikuwa kumeandikwa mkuna nazi.

Alfajiri Mwanamkuu alipotoka uani alimkuta mumewe ameshasimama pale.

"Mbuzi iko wapi?" akauliza.

Mwanamkuu akamwambia aache, yale yalikuwa maneno ya kumtoa tu, hakuna atakayekuja kuangalia.

"Imeshaandikwa," Sadalla akasema. "Lazima iwe kweli."

Nazi ya kwanza aliikuna vibaya, akafika mpaka kwenye kifuu na tui likatoka la kahawia. Mwanamkuu akamwonyesha namna ya kuizungusha bila kuikandamiza. Ya pili ikawa afadhali. Kulipopambazuka, akaibeba mbuzi akaenda kukaa kibarazani, mbele ya mtaa mzima. Mwanamkuu alimkataza, hakusikia. Watu wa sokoni wakapita. Wengine walisalimia kama kawaida, wengine walivuka upande wa pili ili wapate kucheka vizuri. Yeye alikuna. Kigoda cha Theopista kilikuwa bado pale karibu na ukuta, na juu yake uzi mweusi wa kusukia.

Zamda alifika kabla ya kwenda kazini. Alikuwa amejitanda kanga kichwani, lakini upande mmoja ulikuwa umevimba, na ungejua tu kilicho chini yake. Hakuweza kufumua, alisema, na hakuna mwingine aliyekubali kuendeleza mkono wa mtu. Harusi ni Jumamosi. Alimsalimia Sadalla, akakitazama kigoda, akatazama mlango wa chumba cha nyuma uliofungwa.

"Balozi," akauliza, "Theopista yuko wapi?"

Nazi ikasimama mkononi mwa Sadalla. Alitafuta pa kuyapeleka macho yake, akayarudisha kwenye sahani iliyokuwa chini ya mbuzi.

"Sijui walikompeleka, mwanangu," akasema. "Ila mimi ndiye niliyemwandika."